Swali la Mwenye Hisa Mbili

Mama mkwe wangu, Nirupama, hajakosa mkutano wa wanahisa tangu awe mjane. Marehemu mzee alimwachia hisa kumi kumi za kampuni chungu nzima: chai, saruji, betri, magunia, sigara. Gawio lake halifiki hata nauli ya tramu, lakini mwenye hisa moja ana haki ya kuingia ukumbini kama mwenye hisa milioni, akakaa kwenye kiti chenye mto na kupewa boksi la vitafunio. Kolkata imejaa wazee wa namna hii. Wanajuana. Wanapigiana simu kuulizana nani mwaka huu anatoa katlesi za samaki na nani ameishiwa haya akatoa biskuti.

Yeye husimama pia akazungumza. Humsifu mwenyekiti kwa mistari miwili mitatu aliyoitunga mwenyewe, hulalamikia vitafunio, kisha huketi. Kampuni zinampenda.

Mimi ni wakala wa bima ya afya wa kampuni ya Shatadal. Nina diploma ya biashara, mabinti wawili na mume ambaye kazi yake ni safari, kwa hiyo simbembelezi mtu. Namwambia utaugua, kila mtu huugua, tia sahihi hapa. Ndivyo nilivyomuuzia Haradhan.

Haradhan ana kibanda cha tambuu na sigara kwenye kona ya mtaa wetu. Ni sanduku la mbao tu, naye hukaa ndani yake amekunja miguu kuanzia saa moja asubuhi. Bango lenye ndege wa buluu alipewa bure na kampuni ya sigara za Nilkantha. Pembeni inaning'inia kamba ya kumbi inayofuka kutwa nzima ili wateja wawashie sigara zao. Mwenyewe havuti. Baba yake alivuta, zikamuua, na Haradhan akaona hilo linatosha kwa ukoo mmoja. Kwenye fomu, palipoulizwa kama mteja anatumia tumbaku, niliandika hapana. Palipoulizwa kazi, niliandika mwenye duka dogo, kwa sababu ni duka, na ni dogo.

Mwezi wa tano akaota uvimbe kooni. Daktari alisema utolewe kabla mwaka haujaisha, usije ukageuka kitu kingine. Haradhan akanijia na kadi yake ya bima, ameishika kwa mikono miwili kama tiketi ya treni yenye kiti cha dirishani. Tukaomba kibali cha upasuaji. Majibu yalikuja baada ya siku kumi: mteja anafanya biashara ya tumbaku, anakaa kwenye moshi saa kumi na mbili kwa siku, na hakulitaja jambo hilo. Ombi limekataliwa.

Nilimwendea meneja wangu, Sanyal. Alinipa chai na kuniambia kwamba kitengo cha madai kikishaamua kimeamua. Nilipozidi kubishana alinikumbusha, kwa upole na kwa kunisogezea biskuti, kwamba wakala anayeisema vibaya kampuni hunyang'anywa namba yake ya uwakala.

Haradhan hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Dada, nitauza kibanda," alisema. "Atakayenunua nitamwambia asikae karibu na kamba."

Kibanda ndicho kilichokuwa kinamlisha yeye, mkewe na mama yake kipofu. Nilirudi nyumbani nikapika dengu zikaungua, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Mwezi wa saba mama mkwe alitoka kwenye mkutano wa Nilkantha na mkoba umejaa. Katlesi zilikuwa nne, kwa sababu alikaa karibu na mzee mmoja mwenye kisukari. Alileta pia kitabu cha ripoti ya mwaka. Vitabu hivyo ni vizito na karatasi yake ni nzuri, tunaviweka chini ya chupa za achari ili mafuta yasichafue rafu. Niliinua chupa ya achari ya maembe nikibadilishe cha mwaka jana, na cha mwaka jana kikafunguka penye orodha ya wanahisa wakubwa kumi. Wa tatu alikuwa Shatadal. Nikapangusa mafuta, nikasoma tena. Nikafungua kitabu kipya. Wa pili.

Nikamuuliza mama mkwe kama anajua Nilkantha ni ya nani.

"Ya watu wenye katlesi nzuri kuliko wote mjini," alisema huku akila.

Nilimweleza. Fedha wanazolipa wateja wangu ili watibiwe, Shatadal inazipeleka kwa watengeneza sigara zikazae huko. Akaacha kutafuna.

"Yaani wanaomkataa Haradhan kwa kuuza sigara ndio wenye sigara?"

"Wana sehemu yao, mama."

"Na sehemu yangu hisa kumi." Akaiweka katlesi chini, akaitazama. Kisha akaiokota akaimaliza, kwani chakula hakitupwi.

Mkutano wa Shatadal ulikuwa mwezi wa tisa. Kampuni ilipoanza kuuza hisa sisi mawakala tulihimizwa kununua, nami nilinunua mbili kwa jina la mama mkwe. Mimi nisingeweza kusema kitu, yeye angeweza. Nilimwandikia swali la ukurasa mzima, lenye takwimu na vifungu vya sheria. Alilisoma akiwa amesukuma miwani hadi kwenye paji la uso.

"Mkwe, swali lako lina mkia mrefu kama foleni ya mafuta ya taa. Watu watalala. Niachie mimi."

Siku yenyewe mvua ilinyesha mpaka maji yakafika kwenye ngazi za ukumbi. Niliruhusiwa kuingia kama mshika mkoba wake, kwa sababu ya magoti yake yanayomuuma. Kijana wa kampuni anayewajua wazungumzaji wote alimpokea, akamkalisha safu ya mbele, akampa maboksi mawili na kumnong'oneza kwamba Mwenyekiti anayasubiri sana mashairi yake. Mimi nilikaa nyuma. Sanyal alikuwa amesimama ukutani, akaniona, akamwona na mama mkwe, na uso wake ukaanza kufanya hesabu.

Alitangulia mzee mmoja aliyemlinganisha mwenyekiti na mlima. Kisha wakampa mama mkwe kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tai yako ya mwaka huu ni nzuri kuliko ya mwaka jana," alianza. Watu wakacheka. Akaisifu picha ya jalada la ripoti. Akasema boksi ni zito, Mungu aibariki kampuni. Mimi nikajua tumekwisha, amenunuliwa kwa maboksi mawili.

"Sasa nina swali," akasema. "Mtaani kwetu kuna mtu anaitwa Haradhan. Havuti. Anauza sigara za Nilkantha. Ninyi mmemwandikia kwamba hamtamtibu koo kwa sababu anaishi kwa tumbaku. Mimi nimesoma kitabu cha Nilkantha ukurasa wa themanini na nne, na ninyi pia mnaishi kwa tumbaku. Mbona yeye mmemnyima tiba ya koo, na ninyi hamjajinyima gawio?"

 Wazee waliokuwa wakifungua mifuko ya nailoni ya kubebea vitafunio wakaacha.

Mwenyekiti alijibu vizuri, kama watu waliosoma. Alisema uwekezaji unasimamiwa na kamati nyingine kabisa, ni halali, na faida yake ndiyo inayofanya ada za bima zisipande. Hayo yote ni kweli. Mimi mwenyewe nimeshawaambia watu hivyo.

"Kamati nyingine," mama mkwe alisema. "Mwanangu, mpishi akitia chumvi kwa mkono wa kulia na sumu kwa wa kushoto, mimi siulizi mikono hiyo iko kamati gani."

Yule mzee wa mlima akaanza kupiga makofi. Wakafuata wengine, wazee kwa mamia, maboksi yakiwa mapajani. Mwenyekiti alisema suala la mteja huyo litapitiwa upya, na akamwomba mzungumzaji anayefuata. Kuhusu zile hisa za Nilkantha hakusema neno.

Siku tisa baadaye barua ilikuja: baada ya kupitia upya, ombi limekubaliwa. Sanyal alinipigia simu kunipongeza, akasema mama mkwe wangu ana kipaji. Nikamwambia najua, naishi nacho mwaka wa kumi na tisa. Namba yangu ya uwakala hakuigusa.

Haradhan alipasuliwa baada ya sikukuu ya mungu wa kike Kali. Uvimbe haukuwa kitu kingine. Sauti yake imebaki ya kukwaruza, na sigara bado anauza, maana tambuu peke yake haimlishi mtu. Lakini kamba ameihamishia kwenye nguzo ya taa ng'ambo ya barabara. Anayetaka kuwasha avuke. Wateja wanalalamika, yeye anawaonyesha koo lake.

Mama mkwe aliuza hisa zake kumi za Nilkantha. Alitia sahihi na sura ya mtu anayezika ndugu.

"Mwaka ujao nitakula biskuti za watu wa saruji," alisema. "Unafurahi?"

Zile mbili za Shatadal amekataa kuziuza, maana ndizo zinazompa kipaza sauti. Juzi nilipoinua chupa ya achari nilikuta karatasi aliyoikunja, swali lake la mwezi wa tisa ujao kuhusu hisa za sigara. Halina tai, halina shairi. Ni maneno mawili tu: *Bado mnazo?*