Koki Iliyomshinda Kinyozi

Andualem alikuwa kinyozi, na kwa wembe hakuwa na mpinzani mtaa mzima wa Jemo. Lakini koki ya jikoni kwake ilikuwa imemtoa jasho, na kila mpangaji wa jengo lile alikuwa na habari.

Ilianza kwa kudondosha tone moja moja tangu mvua kubwa zilipokwisha. Siku za mgawo, maji yakishakuja, haikunyamaza. Sinki lenyewe lilikuwa na ufa, kwa hiyo matone yakapenya sakafuni na kuchora doa la manjano kwenye dari ya Zenebech, jirani wa ghorofa ya chini. Jumapili ile Zenebech alipanda ngazi asubuhi na mapema, akagonga mlango kwa kiganja.

"Ato Andualem," alisema, na alipomwita mtu Ato, yaani Bwana, ujue amekasirika. "Jana nimekula mchuzi wangu wa shiro nimejifunika kanga kichwani kama bibi harusi. Dari inanitemea mate."

"Naitengeneza leo, dada yangu."

"Leo ya leo, au ile leo ya wiki iliyopita?"

Nyuma yake Andualem akasikia mkewe, Wubit, akicheka. Kicheko hicho kilimchoma kuliko maneno ya jirani. Wubit alikuwa akijitanda shuka lake jeupe kwenda kanisani.

"Si umwite fundi, mume wangu?"

"Fundi! Yule wa mwisho ndiye aliyetuletea balaa hili. Ni kampira tu ka ndani, Wubit, kadogo kama kifungo. Mwanamume mzima niite mtu aje kunifungia kifungo?"

"Haya," Wubit alisema, akatoka. Haya yake ilikuwa fupi mno.

Nyumbani akabaki yeye na mama mkwe, Emama Mulunesh, aliyeletwa kutoka Debre Birhan kutolewa mtoto wa jicho. Jicho lake la kulia lilifungwa bandeji, na daktari alikuwa ameonya: asiiname, asijikaze, na jicho lisiguswe na maji hata kidogo.

Andualem alikuwa na mpango. Valvu ya chini ya sinki ilikuwa imeganda kwa kutu, haifungi wala haifunguki. Sanduku la mita, penye valvu kuu, lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti wa jengo, naye alikuwa amekwenda kuzika nje ya mji. Lakini Jumapili haikuwa siku yao ya mgawo. Mabomba yalikuwa makavu. Basi afunge nini? Aliona akili hiyo ni kubwa kiasi kwamba alikwenda sebuleni kumweleza Emama.

"Umefikiri vizuri, mwanangu," Emama alisema. "Mungu naye akubaliane na wewe."

Kichwa cha koki kilikataa kufunguka. Spana ya kuazima iliteleza, ikamchuna vifundo vya vidole. Akaifunga kwa kitambaa, akaning'inia kwa uzito wake wote, ndipo ikalia krii, ikalegea. Ule mpira wa ndani ulitoka umetafunika kama uliopita mdomoni mwa mbuzi. Akafungua pakiti aliyonunua. Wa kwanza ulikuwa mkubwa. Wa pili ulicheza. Wa tatu ulikaa vizuri, tundu lake ndilo likagoma kupita skrubu. Akamtukana aliyeutengeneza, akamtukana na mama yake, kisha akakumbuka nani yuko sebuleni.

"Samahani, Emama!"

"Endelea tu. Si mimi niliyeutengeneza."

Akautia mpira mbovu mfukoni, akavaa viatu. "Natoka mara moja dukani. Wewe kaa hapo hapo, usiguse kitu."

Maduka ya vifaa vya bomba yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako kanisani. Moja lililokuwa wazi, muuzaji aliugeuza ule mpira kwenye mwanga, akasema hana saizi hiyo, ila anaweza kumuuzia koki nzima. Lingine, mbali kule karibu na kituo cha mabasi, wakamwambia arudi na koki yenyewe wapime. "Yaani niibebe nyumba nzima?" Andualem aliuliza. Akarudi mikono mitupu, akiongea peke yake njiani.

Alipokaribia jengo alisikia vigelegele. Ndoo ziligongana, milango ikafunguka, watu wakaitana kutoka ghorofa hadi ghorofa: "Maji yamekuja! Maji!" Jengo zima lilikuwa likimshukuru Mungu. Andualem peke yake alipiga ukelele wa mtu aliyefiwa, akapanda ngazi mbio, huku maji yakishuka ngazi hizo hizo kumlaki.

Jikoni alimkuta Emama ameinama juu ya sinki, kiganja chake kimeziba mdomo wa koki, maji yakimchuruzika kila upenyo wa vidole. Alikuwa akimwita Mariamu Mtakatifu kwa sauti. Kando yake alisimama Zenebech, ameloa chapachapa, ameshika mfuniko mkubwa wa sufuria mbele ya uso wa yule mzee kama ngao, kulikinga lile jicho.

"Ato Andualem!" Zenebech alifoka. "Karibu nyumbani! Umetembea salama?"

Andualem akaweka kiganja chake mahali pa kiganja cha mkwewe. Maji yalikuwa baridi na yalisukuma kama kitu chenye hasira. "Jicho, Emama? Jicho!"

Zenebech alimkalisha kitini, akapapasa bandeji. "Kavu," alisema. "Asante Mungu, kavu."

"Jicho ndilo kavu," Emama alisema. "Mimi mengine yote nimebatizwa upya."

Andualem hakuweza kucheka. Alijaribu kurudishia kichwa cha koki kwa mkono mmoja, maji yakaruka hadi darini, yakamrudia usoni. Akajaribu tena. Alikuwa bado anapambana Wubit alipotokea mlangoni na shuka lake jeupe. Wubit aliangalia sakafu, akamwangalia mama yake, akamwangalia mumewe. Alivua shuka, akaliweka juu ya kabati, akakunja mikono ya gauni.

"Nishike wapi?"

"Hapa. Kaza."

"Sasa unataka nini?"

"Mpira."

"Andualem! Si ndio uliokwenda kununua?"

Andualem akamvua Zenebech kandambili mguuni bila kuomba ruhusa, akatoa wembe kwenye mkoba wake wa kazi, akakata kipande cha kisigino. Cha kwanza alikiharibu kwa haraka, akakitupa ukutani. Cha pili alikikata polepole, akikizungusha kama anayechonga ndevu za bwana harusi, akatoboa tundu. Kilikaa. Wakaminyana wote watatu juu ya ile koki, wakisukumana mabega, hadi kichwa kikashika nyuzi na maji yakakatika.

Andualem, akihema, akafungua koki aone kazi yake. Ikakohoa, ikatoa upepo. Akafungua zaidi. Upepo mtupu. Mgawo wa bahati ulikuwa umekwisha. Jengo zima lilikuwa limejaza mapipa, na pipa lao lilikuwa kavu hadi chini.

Zenebech alishuka na mguu mmoja peku, akarudi na dumu. "Chukueni haya mpikie. Mengine yenu yako kitandani kwangu."

Jumanne maji yalikuja kwa zamu yake. Koki haikudondosha hata tone. Kasoro ikawa nyingine: ule mpira wa kandambili ulikuwa mnene, ukaing'ang'ania koki hata Wubit kwa mikono miwili akashindwa kuifungua. Zenebech alijaribu kwa kitambaa, naye akashindwa. Emama alikatazwa hata kuisogelea.

Andualem alikuwa kibandani kwake ng'ambo ya barabara, amemnyoa mteja shavu moja, simu ilipolia.

"Njoo utufungulie maji," Wubit alisema. "Haraka, kabla hayajakatika."

"Kuna msiba?" mteja aliuliza alipoona uso wake.

Andualem aliweka wembe chini. Alivuka barabara, akapanda ngazi, akaikaba koki kwa hasira zote alizokuwa nazo tangu Jumapili. Maji yakaanguka kwenye pipa kwa kishindo. Akasimama pale, mikono kiunoni, kwa kuwa alipaswa kusubiri lijae ili aje aifunge. Wubit akamwekea sahani ya injera juu ya kabati.

"Sina njaa."

"Kula. Pipa ni kubwa."

Alikula akiwa amesimama, bila kumwangalia mtu. Ng'ambo ya barabara mteja wake alikuwa ametoka nje ya kibanda, nusu ya uso povu, akiangaza macho huku na huku.