Majani ya Kola ya Jenerali

Ottilie Raschke hakuwa amemaliza kahawa yake ya shayiri Jenerali von Tresslitz alipoingia karakanani kupunguzwa kola. Jenerali aliketi kwenye kigoda kile kile cha siku zote, akavua kofia na kuinamisha kichwa kama mtu aliyekuja kunyolewa. Zamani makao yake yalikuwa mbali huko mashariki, na kola zake zilitumwa kwa posta. Lakini jeshi lilikuwa limerudi nyuma kwa bidii kubwa mwaka mzima, na Februari hiyo mji wa Annaberg ulikuwa njiani, kwa hiyo alikuja mwenyewe.

Kola hizo Ottilie alizidarizi kwa mkono wake: kitambaa chekundu, na juu yake majani ya waya mwembamba uliochovywa dhahabu, kama kanuni za jeshi zilivyotaka. Kuhusu majani kuota, kanuni hazikusema lolote. Yalianza kuota baada ya vita vya mtoni, jani moja kwa kila askari aliyekufa kwa amri ya jenerali, na sasa yalikuwa yamepanda shingoni hadi nyuma ya masikio. Bwana Pohlandt, mwenye karakana, alilalamikia jambo moja tu: dhahabu ilikuwa adimu, kwa hiyo kila jani lililokatwa lilipaswa kurudi kwenye kopo lake.

"Yananiwasha, Mama Ottilie," jenerali alisema. "Silali ubavu huu wala ule."

"Safari hii yameota mengi, Bwana Jenerali."

"Tulikuwa na wiki yenye shughuli."

Ottilie alikata taratibu, akigeuza kila jani. Hayakufanana hata mawili. Wakati wa Krismasi shoga yake wa meza ya pili, Gerda Uhlig, alikuwa amemtambua mumewe kwa jani lililopinda kama kidole chake cha shahada. Gerda alilia hadi saa ya chakula, akanywa supu yake ya kabichi, akarudi kazini. Barua ya jeshi ilifika baadaye sana. Ottilie naye alimtafuta mwanawe Lorenz, aliyekuwa kwenye kikosi kimoja na mume wa Gerda. Tangu utotoni Lorenz alitafuna ncha ya kila kitu: penseli, mwiko, kola ya shati la Jumapili. Kila wiki ambayo hakuona alama ya meno, Ottilie alikuwa na mtoto kwa wiki nyingine.

Ottilie aliuliza kama kile kilima walichokishambulia wiki nzima sasa watakiacha. Jenerali alisema Alhamisi wangekipanda tena.

"Kina nini huko juu?"

"Hakina kitu," jenerali alijibu, akipiga mwayo. "Lakini nimeshawaahidi wakubwa kwenye simu."

"Mwombe akupeleke, shoga," Gerda alinong'ona. "Labda wameficha siagi."

Ndipo Bwana Pohlandt alipoleta kasha la nyuzi mpya. Zilitengenezwa kwa mti uliopikwa, zilikuwa za manjano kama kiini cha yai, hazikupoteza mng'ao, hazikuwasha, wala hazikuota. Alikumbusha kwamba nyota za mabegani zilishakuwa za bati lililopakwa rangi, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Jenerali aliusugua uzi shavuni, akaagiza kola mpya kabla ya jioni.

Ottilie aliona kwamba kuanzia siku hiyo habari za mwanawe zingeletwa na posta peke yake. Basi alipokuwa akidarizi alipitisha unyuzi mmoja wa waya wa zamani chini ya kitambaa chekundu, upande wa ndani usiokaguliwa na mtu.

"Utatunyongesha, wewe," Gerda alisema, kisha akamsogezea taa aone vizuri.

Jenerali alirudi theluji ilipokuwa ikiyeyuka. Alitaka kifungo tu. Alikuwa amelala vizuri na kunenepa kidogo, na kola zake zilimeta bila jani la ziada. Ottilie alipolifungua koti aliona kwamba ule unyuzi wa zamani, kwa kukosa njia ya nje, ulikuwa umeota kwa ndani. Majani yalifunika bitana yote kutoka shingoni hadi pindoni, yakafunika na mikono kwa ndani, jani juu ya jani, na kati yake hapakuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Alishona kifungo huku akitafuta. Alilikuta kwapani, upande wa kushoto, dogo, ncha yake imetafunwa.

Alilikata hilo tu. Bwana Pohlandt alikuwa amesimama karibu na kopo lake, kwa hiyo alipogeuka kidogo, Ottilie aliliweka jani chini ya ulimi.

Jenerali alivaa. Mabega yake yalishuka kidogo.

"Mbona koti hili linazidi kuwa zito?"

Ottilie hakuweza kufungua mdomo. Gerda alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Ni bitana, Bwana Jenerali."

"Vizuri," alisema jenerali. "Kule kilimani bado kuna baridi."

Akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akatoka. Ottilie akavuta kola iliyofuata, ya jenerali mwingine, akatunga uzi mpya kwenye sindano.