Sentineli Asiyejua Mgeni

Mimi bunduki sikuitaka, na sikuficha. Nilisema dukani, nikasema ndani ya gari, nikasema tena nyumbani nikimenya viazi, mpaka mume wangu Cubaka akaniambia, "Bon, Nzigire, imetosha, umekwisha kusema." Imetosha nini? Mtu anakimbia bunduki huko Kongo, anazikimbia mpaka kambini Burundi, serikali ya watu wengine inamhurumia inampandisha ndege, halafu anafika Louisville, Amerika, anatoa pesa yake mwenyewe kuinunua! Nikamwambia, wewe ungebaki tu kijijini kwenu, Walungu, kule zilikuja zenyewe mpaka mlangoni.

Hakucheka. Zamani angecheka.

Shida yake ilikuwa usingizi. Jirani yetu wa upande wa kushoto alivunjiwa mlango mchana kweupe, wezi wakabeba televisheni wakaenda zao. Televisheni tu! Lakini tangu siku ile Cubaka hakulala tena. Kazi yake ni ya usiku, anapakua mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Anarudi asubuhi macho mekundu, ananyooka kitandani kama ubao, anasikiliza. Paka akipita kwenye majani makavu, ameamka. Mleta barua akipanda ngazi, ameamka. Alikonda mpaka suruali zikawa zinamdondoka.

Alichokuwa anasikiliza nakijua, hata kama hasemi. Alipokuwa kijana watu walikuja nyumbani kwao. Hawakuvunja kitu, hapana. Waligonga pole pole, kwa adabu, wakamwita baba yake kwa jina: "Fungula, ni sisi." Mzee wa watu akafikiri ni ndugu, akafungua. Katika nyumba ile walitoka hai wawili tu, Cubaka na mdogo wake Kataliko, na Kataliko alitoka mgongoni mwa kaka yake. Sasa Kataliko ana nyumba yake kule Buffalo, ana mke, na kila Jumapili wanapigiana simu kusimuliana upuuzi.

Donc, basi, tukaenda dukani. Lilikuwa safi, lina taa nyingi kama duka la miwani. Muuzaji, kijana wa ndevu na heshima zake, akamwekea Cubaka mikononi bunduki nyeusi ya kijeshi, taratibu, kama anampa mtoto mchanga ampakate. Akaeleza: hii ni kama ya askari, ila hii ukivuta mara moja inalia mara moja, ukitaka tena unavuta tena. Cubaka akaigeuza, akaipima uzito, akainusa. Ndiyo, aliinusa! Halafu akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Nzigire, maisha yangu yote bunduki naijua kwa mbele. Leo ndiyo mara ya kwanza nasimama nyuma yake." 

Wakamuuliza maswali, wakatazama kompyuta, wakasema sawa. Sisi makaratasi ya kupanda ndege tuliyangoja mpaka binti yetu Gloire akaota meno, yakang'oka, akaota mengine. Bunduki tulitoka nayo kabla kahawa yangu haijapoa.

Akaanza kuizoea. Jumamosi anakwenda na mwenzake wa kazini kupiga shabaha nje ya mji, anarudi bega linamuuma, amefurahi. Anatandika taulo juu ya meza yangu ya chakula, anaifungua vipande vipande, anapaka mafuta, anarudishia. Mara ya kwanza kispringi kilimruka kikaingia chini ya friji, tukakitafuta kwa mwiko wa ugali, nikacheka peke yangu. Baada ya muda alikuwa anaiunga huku amefumba macho. Na mimi akanifundisha, kwa lazima: huku ndiko risasi zinakaa, kidude hiki ukikirudisha imelala, ukikisukuma imeamka. Akaipa na jina. Kwetu Bukavu nyumba yenye uwezo ina sentineli, mlinzi anayekaa getini. Basi akaiita Sentineli.

"Sentineli gani?" nikamwambia. "Sentineli wa kweli anajua huyu ni mwizi, huyu ni shangazi. Huyu wako anajua nini?"

"Mimi nitamjulisha," akasema.

Na alilala. Lazima niseme ukweli, hata kama unaniuma. Aliilaza upande wangu wa kitanda, mimi nikiwa jikoni, akakoroma kama zamani. Akanenepa kidogo. Ombi lake lilikuwa moja: "Watu wa ukoo wasijue. Watasema nimegeuka mwasi." Nikamwahidi.

Basi, Jumatatu jioni, Cubaka ameshakwenda kazini, simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Ezéchias wa Columbus. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo wao kwa Amerika hii. Harusi, ugomvi, jina la mtoto, vyote vinapita kwake. Hakusalimia sawasawa.

"Mke wetu, uko peke yako? Kaa chini."

Nikakaa. Akaniambia Kataliko ametutoka. Alikuwa anaondoa theluji mbele ya nyumba yake pale mtaa wa Riverside, Buffalo, moyo ukasimama, akaanguka na koleo mkononi.

Nililia huku nimejiziba mdomo, sijui nilikuwa namficha nani. Mzee akaningoja, halafu akanipa kazi yangu. "Mume wako asisikie kwa simu. Huyo ndiye ndugu aliyebaki naye, tumbo moja. Kesho asubuhi natoka huku na Karaha, tunakuja kumwambia sisi wenyewe, kama watu. Wewe ficha simu yake, hiyo Facebook isije kumwua. Akirudi mpe ale ashibe, umwache alale, maana akishasikia hatakula wala hatalala. Na kinywa chako ukifunge. Mke hatangazi kifo cha shemeji yake."

Kwetu ndivyo ilivyo. Habari ya kifo inaletwa na watu wazima, wanaingia, wanakaa, mwenye kufiwa anapewa maji, ndipo anaambiwa. Ukimpigia simu umemtupia habari kama mbwa anavyotupiwa mfupa.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. Simu ilipokatika ndipo nikamkumbuka Sentineli.

Mungu wangu! Wanaume wawili na makoti meusi mlangoni, mchana, na Cubaka amelala na kitu kile! Nikapiga tena. Akapokea Karaha, mpwa wa Mzee, ndiye dereva wake. Ningemwambia nini? Kwamba Cubaka analala na bunduki ya vita? Nilikuwa nimeahidi. Nikasema tu, "Mkifika msigonge. Nipigie simu, mimi nitatoka."

"Sawa, mama."

Na kumwambia Cubaka kwamba wageni wanakuja, haiwezekani. Wageni gani? Mzee Ezéchias atoke Columbus siku ya Jumanne, siku ya kazi, hakuna harusi, hakuna ubatizo? Hata mtoto wa kwetu angejua hapo hapo kwamba mtu amekufa, na Cubaka hakuwa na watu wengi wa kuhesabu.

Asubuhi akarudi. Nilikuwa nimempikia ugali na sambaza za kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, kile anachokipenda kuliko vyote. "Leo ni sikukuu gani?" akauliza, anatafuna, anatabasamu. Nikamwangalia nikijua. Nilijiona mchawi, haki ya Mungu. Simu yake ilikuwa kwenye koti, imezimwa kama kawaida yake ya kazini. Nikaichukua nikaizika ndani ya ndoo ya unga. Alipoingia kulala nikamfuata.

"Leo hii bunduki niiweke kabatini," nikasema.

"Iache."

"Baba Gloire, nakuomba."

"Una nini leo wewe?"

Nikamvutia mlango. Nikarudi kwenye dirisha la sebule, simu mkononi, nikasali sala zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Siku ile niliomba mgeni apone.

Na wangenipigia, yote yangekuwa sawa. Baadaye Karaha aliniambia kwamba walipokata kona ya barabara yetu alitoa simu, Mzee akamnyang'anya. "Tumeendesha njia yote hii ili tusitumie simu," akafoka, "halafu nipige simu mlangoni pa mfiwa? Una akili kweli?"

Dakika ile ile Cubaka aliniita kutoka chumbani. "Mama Gloire! Simu yangu iko wapi?" Nikakimbia kumtuliza. Sijui, nikasema, lala tu, nitaitafuta. Na tukasikia wote wawili.

Mlango uligongwa. Pole pole, kwa adabu.

Cubaka akaganda. Uso ule sikuwahi kuuona, ulikuwa uso wa mtoto. Mkono wake ukaenda kwenye bunduki, akaikoki, mlio ule nikausikia mpaka kwenye meno. Akanipita bila viatu, akasimama mwisho wa sebule, kitako begani, mtutu unatazama mlango.

"Ni wageni," nikasema nyuma yake.

"Wageni gani?"

"Watu wa kanisa."

"Jumanne? Lala chini, Nzigire."

Nje sauti ya mwanaume ikaita, ya chini, yenye huruma yote ya dunia: "Cubaka. Fungula, ni sisi."

Nikatazama kile kidude alichonifundisha. Kilikuwa kimesukumwa, imeamka. Sikumbuki nilipitaje, ila nilijikuta kati yake na mlango, mtutu unanigusa kifua. Hakuwa ananiona. Alikuwa anatazama mlango mwingine, ule wa Walungu. Nikamwita jina, hakusikia. Nikasema ni Mzee Ezéchias, hakusikia. Kidole kilikuwa kimekaa pale pa kufyatulia. Uongo uliniishia, adabu ikaniishia, nikapiga kelele mpaka koo likakwaruzika:

"Kataliko amekufa! Cubaka, Kataliko amekufa! Wamekuja kukuambia Kataliko amekufa!"

Hilo alilisikia. Mtutu ukashuka kidogo kidogo mpaka ukaelekea zulia.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jana."

"Na umenilisha."

"Nimekulisha."

Akatoa risasi zote mwenyewe, mikono yake ikifanya kazi kama pale mezani kwenye taulo. Akailaza bunduki chini, akakaa kando yake. Hakulia. Macho makavu, anatazama viganja vyake. Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa mtutu.

Nikafungua. Mzee Ezéchias alikuwa amesimama na kofia mkononi, amesikia kila kitu. Akaanza na mimi, kidole juu. "Mke wetu, umefanya nini? Habari ya namna hii unaimwaga kama maji machafu?"

Nami nikalipuka. "Mzee, ingia kwanza uone!" Nikamshika koti nikamvuta ndani, mtu mzima yule, Mungu anisamehe. Akaona kilicholala kwenye zulia. Akageuka akatazama mlango, pale alipokuwa amesimama. Kofia ikamdondoka. Karaha akaanza kusema Yesu, Yesu, Yesu, hana neno jingine.

Mimi ndiye niliyeibeba. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Nikaifungia bafuni, ufunguo nikautia kifuani.

Niliporudi Mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya mume wangu. "Lia, mtoto wangu," alikuwa anamwambia. "Lia, usiweke ndani."

"Siwezi, Mzee. Imeingia vibaya." Cubaka akashika koo lake. "Imekwama hapa. Hata siiamini."

Mzee akautazama tena mlango. Halafu akaokota kofia yake, akasimama kwa shida, akamshika Karaha mkono.

"Tutoke," akasema. "Tunaanza upya."

Nikafikiri amechanganyikiwa. Wakatoka kweli, wakavuta mlango nyuma yao. Ndipo nikaelewa. Nikamwinua mume wangu, nikamvalisha shati, nikamkalisha kwenye kiti chake. Nikaleta glasi za maji.

Wakagonga. Cubaka alishtuka mwili mzima, nikamwekea mkono begani, akabaki amekaa.

"Hodi hapa," akasema Mzee nje. "Ni Ezéchias, wa Columbus."

"Karibuni," akasema Cubaka.

Wakaingia wakiwa wageni. Wakatushika mikono, wakauliza habari za kazi, wakauliza habari za Gloire na chuo chake, tukawajibu moja moja. Wakanywa maji. Nikampa mume wangu, naye akanywa. Mzee akaweka glasi yake chini, akasafisha koo.

"Mtoto wetu," akasema, "tumekuja kwako wewe. Tumekuja kwa ajili ya Kataliko."

Cubaka akamtazama usoni.

"Kataliko?" akauliza. "Kataliko amefanya nini?"

Aliuliza vizuri, kama mtu asiyejua kitu kabisa. Na mimi niliyejua tangu jana, mimi niliyelipigia kelele jina lile mara tatu, nikamgeukia Mzee, nikatumaini kwamba safari hii atasema jingine.