Kakule Gani?

Siku ya apeli, ile hukumu ya mara ya pili, Kanyere wa Masereka alishuka Beni na kitambaa yake ya kanisa, viatu ya marehemu bwana yake, na uongo moja yenye alikuwa amepika wiki mbili nzima. Viatu ilikuwa kubwa. Uongo ilikuwa inamutosha sawasawa.

Magomvi ilianziaka kwa mupaka. Kati ya shamba yake na shamba ya jirani yake Vagheni kulikuwa musitari wa miti, na miti ya kule inajua kutembea: unalala iko pale, unaamuka iko hatua mbili ndani ya mashu yako, zile kabichi. Miaka kumi na moja zile nyumba mbili zilitukanana, zilishitakiana kwa chef wa kijiji, na kila siku ya yenga bamama hao wawili wakaimba pamoja kwa korale ya kanisa, Kanyere sauti ya kwanza, Vagheni sauti ya pili. Halafu asubui moja, Ézéchias, mutoto wa kwanza wa Kanyere, akakatwa panga pale kwa mupaka, akakufa.

Kanyere alikuwa juu, kwa shamba ya poaro, vitunguu ya majani marefu. Alisikia mutoto wake analalamika, anaita Kakule. Kisha akaona Abdias, mutoto wa tatu wa Vagheni, anapanda mulima, anapangusa panga na majani. Abdias peke yake.

Mais kwa hukumu ya kwanza, kule tribinali ya Butembo, alisema kama mutoto wake alitaja jina ya mwenye kumukata, na jina ile ilikuwa Kakule. Na mudogo wa Abdias ni nani? Kakule Lévi. Lévi aliapa kama ile asubui alikuwa Butembo, anauzisha mashu. Bashahidi yake walikuwa bauzishaji watatu, na kila mutu alikumbuka siku yake. Bandugu wote wawili wakapewa kifungo ya maisha.

Kama Kanyere alijua Lévi hakuwa pale? Alijua sana. Mais Abdias njo alikuwa bei. Lévi alikuwa matabishi, kile kidogo muuzaji anaongezaka juu ya kikombe kama umemununulia siku mingi, na Kanyere alikuwa amenunua kwa Vagheni miaka kumi na moja. Tena, batoto wawili wa kwanza wa Vagheni walipoteleaka Kampala. Akikosa na hawa wawili, lupango ya nyumba yake itabakia na kuku tu. Ile Kanyere alitaka kuiona na macho yake, mbele afunge hayo macho.

Ndani ya korti, avoka mwenye kumutetea Lévi akasimama. Alikuwa Maître Emérence, mutoto wa Bukavu, mwembamba kama mwiko, na alikuwa amejifunza kitu moja juu ya Banande, kabila ya Kanyere na Vagheni. Akamufasiria Président wa korti, mutu wa Kasai mwenye Kiswahili yake ilikuwa inatembea na fimbo, kama Banande hawachaguake jina ya kwanza. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ukiita Kakule kwa soko ya Masereka, wanaume wengi watageuka na mizigo ku kichwa.

“Na marehemu,” akasema, “alikuwa na mudogo wake Kakule. Kakule Kataliko, mutoto wa ine wa huyu mama, yule amekaa pale kwa banki. Donc mutu mwenye anakufa anaita nani? Adui yake, ao ndugu yake?”

Akatoa na karte ya kitambulisho ya Kataliko. Président akaiangalia, akaigeuza, akamuita Kanyere.

Ile njo saa yenye Kanyere alikuwa anangojea. Akafika pale mbele pole pole, viatu vinapiga kelele nyuma yake.

“Mesie Président, ku karte waliandika Kakule, juu mwenye kuandika alihesabu wenye walikuwa wazima. Mais miye njo nilizaa. Mbele ya Kataliko nilizaa mwengine, akaishi siku tatu. Yeye njo alikuwa Kakule, na alienda na jina yake. Kataliko ni wa tano. Kwangu hakuna mutu anamuitaka Kakule.”

Chozi moja ikashuka. Ilitoka kwa jicho ya kuume, lenye linatokaka machozi tangu liliuguaka, hata akichonga kitunguu hata akicheka. Bamama wa nyuma wakaguna kwa huruma. Président akatosha lunete ku macho. Kanyere akamuangalia Lévi kwa pembeni, na roho yake ikanywa maji.

Ni Vagheni alipokeaka batoto wote wa Kanyere wakati ya kuzaliwa, kila moja, mbele miti ianze kutembea. Akavuta tu robe ya Maître Emérence, akamunongoneza. Avoka akakunja uso, hakuelewa mazuri, mais akauliza vile aliambiwa:

“Mama, na mutoto mwanaume mwenye anamufuata Kataliko, jina yake nani?”

Grefye, mwandikaji wa korti, yeye pia Munande, mutu wa Luofu, akaweka bic chini na kufunika kinywa na mukono.

Hapo Kanyere akaona shimo. Wiki mbili alipika, na alikuwa amezika mutoto bila kusogeza wengine. Kama Kataliko ni wa tano, alipashwa kuwa Katembo. Na mwenye anamufuata alipashwa kuwa Mbusa. Akafungua kinywa kusema Mbusa. Mais mwenye anamufuata, mwanaume wa miaka makumi tatu, mutu wa moto, mujinga wake wa mwisho, alikuwa amekaa kwa banki ya tatu, na alisikia wanamutafuta. Akasimama wima.

“Katembo, présent.”

Chumba yote ikaanguka na kicheko. Président akauliza wanacheka nini, na grefye akamuhesabia na vidole, mpaka na yeye akaelewa.

Kicheko ilikuwa haijaisha wakati Kataliko akasimama. Tangu mazishi mama yake alimukataza kusema, alimukataza mbele ya Biblia na tena mbele ya chakula. Kanyere akamuambia akae. Hakukaa.

“Ézéchias alisema: Kakule, kimbia. Ni miye alikuwa anaambia. Nikakimbia.”

Président akamuuliza Kanyere anasema nini juu ya ile. Kanyere hakumuangalia mutoto wake.

“Alisema vile. Lévi, kama munataka, mumutoshe. Abdias munibakishie.”

Président akamuambia kama hakungekuwa miaka yake sabini na mbili, angelala ndani juu ya uongo. Kanyere akajibu iko sabini na ine, waandike muzuri.

Nyuma ya siku munane, wakasoma hukumu: Abdias anabakia na kifungo yake ya maisha, Lévi anatoka. Mu kiwanja ya korti Vagheni akamushika mutoto wake shingo, akalia mpaka kitambaa ikaanguka. Kisha akamuacha, akakuja mbele ya Kanyere.

“Wasingya, Mama Ézéchias.”

“Hapana kunipa asante. Ungechelewa kidogo kuuliza, ningekuwa na wote wawili.”

“Ninajua.”

“Wa ine anarudia, mupokee. Ule wa tatu atazeekea mule, Mama Abdias. Na kila wakati unamupelekea chakula, utapita mbele ya mulango yangu, juu njia iko moja tu. Nitakuwa nimekaa.”

Vagheni akafunga kitambaa yake pole pole.

“Utakuwa unaniangalia?”

“Nitakuwa ninakusalimia. Kila mara nitauliza kama amenenepa.”

Kanyere akaenda. Kataliko akamufuata, mukono wake tayari juu ya kibeti, mufuko ya mama yake, amubebee. Kanyere akamunyanganya, akamupa Katembo. Ile wiki yenyewe, kule Masereka, akamutuma Katembo kwa fundi wa mbao: kiti, ya mugongo murefu, ya kukaa inje mpaka jua ianguke.