Dawa ya Pamba Sebuleni

Tangu aolewe, Nancy hakuwahi kuzungumza na baba mkwe wake zaidi ya salamu. Mzee Luhaga wa Kasoli alikuwa mkulima wa pamba asiye na maneno mengi. Nancy akimwona hupiga goti, husema, "Mwangaluka, baba," kisha hukimbilia jikoni.

Safari hii mzee alikuja Bariadi kutengenezesha bomba lake la kupulizia dawa. Fundi akachelewa, mzee akalala kwa mwanawe Constantine, mume wa Nancy.

Asubuhi alisimama mbele ya makopo ya maua sebuleni. "Mayu," alisema, akimwita Nancy mama kwa Kisukuma, "maua yako yameota pamba?"

Nancy aliona haya. "Ni wadudu, baba. Weupe hivyo hivyo, wanajificha kwenye vikonyo wanafyonza. Majani yananata, yanageuka manjano. Wamenishinda."

Mzee akaguna tu.

Nancy alitoka kuanika nguo. Aliporudi alimkuta mzee sebuleni, bomba mgongoni, kitambaa puani, na harufu ya dawa ya pamba imeshaanza kusikika. Kwenye mkeka mtoto wake alikuwa amelala. Mkwe hakatazwi, lakini atanyamazaje? Akapiga goti pale pale mlangoni.

"Baba, nisamehe. Hiyo ni ya shambani. Humu tunakula, tunalala. Naomba usipulize."

Mzee alimtazama mtoto. Akalitua bomba taratibu, akalitoa nje.

"Nilitaka na mimi nikusaidie kitu," alisema. "Kila nikija ninapikiwa, ninakula, ninaondoka. Sina hata la kukuambia."

Nancy alimpa maji anawe, kisha akaleta beseni la maji ya sabuni na vitambaa viwili, akamkabidhi kimoja. Waliyatoa makopo barazani wakaanza kufuta jani moja moja, juu na chini. Ua moja lilikuwa limeoza hadi mizizi, wakalitupa.

"Mama yake Constantine naye alipanda maua, karibu na zizi," mzee alisema. "Ng'ombe wakayala yote. Alininunia mpaka mavuno!"

Nancy alicheka kwa sauti, akaziba mdomo. Mzee naye alikuwa anacheka.

Wiki iliyofuata simu ya Constantine iliita. Mzee alitaka kuongea na Nancy.

"Wamerudi?"

"Wachache, baba."

"Wafute tu, mayu. Usichoke." Kisha akauliza kama mjini mvua imenyesha.