Mkono wa Chabani

Nitege? Haya: ukinipa nakupa, na hakuna anayepungukiwa. Ni salamu ya mkono. Lakini muzee Chabani wa Mabanga alikuwa hajampa mutu salamu hiyo miaka kumi na miwili. Aliweka kiganja kifuani, basi. Majirani walimwita mwenye majivuno. Alima, mke wake, ndiye pekee aliyejua sababu.

Wakati wa vita Chabani alikuwa mwanajeshi wa maji, kwenye vedeti, boti ya doria iliyolinda ziwa. Siku moja walimiminiwa risasi, tangi la mazutu likapasuka, mwenzake Ndayambaje akaanguka majini. Chabani akamdaka mkono. Mkono ulikuwa umelowa mafuta. Ukateleza, naye akabaki ameshika maji.

Sasa binti yao Asumini anaolewa na Ridhwani, dereva wa mji wa Kiwanja. Na kwenye ndoa ya Kiislamu kama yao, baba humshika bwana arusi mkono ndipo atamke maneno ya kumwoza binti.

"Mpe mdogo wako uwakala," Alima alimsihi. "Si aibu."

"Halafu mimi nikae pale kama kiti?"

Asumini akadakia kutoka jikoni: "Papa, nikiozwa na baba mdogo, nitalia mpaka Kiwanja!"

Ikawa Chabani ataoza mwenyewe. Ijumaa, baada ya swala, wanaume walijaa sebuleni. Alima akachungulia penye pazia.

"Shikaneni," akasema shehe.

Kiganja cha Ridhwani kilikuwa chepechepe kwa jasho la uarusi. Alima aliona bega la mumewe likishtuka. Hata hivyo maneno yalitoka, moja moja, yakikwaruza. Ridhwani akakubali. Vigelegele vikapasuka.

"Imetosha, muzee," shehe alitania. "Muachie, hatoroki huyu, mahari ametoa!"

Wakacheka. Chabani hakuachia. Alizidi kubana, mishipa imemtoka shingoni, macho yake sakafuni kana kwamba sakafu ina kina. Kicheko kikakatika.

"Shikilia, ndugu," alinong'ona. "Nakuvuta. Shikilia."

Alima alipita katikati ya wanaume bila kuomba njia. Akapiga magoti, akaanza kumfungua vidole: gumba, kisha cha shahada. Kila alipofungua, kilijifunga tena. Mkono wa Ridhwani ulikuwa umeanza kuvimba.

"Muache, mama," kijana akasema polepole. "Mimi sina haraka."

Alima akaacha. Akaketi sakafuni kando yao.

"Mama!" Asumini aliita kutoka chumbani. "Mbona mumenyamaza? Kumetokea nini?"

Alima akafunika mikono yao miwili kwa kiganja chake. "Papa yako bado anamvuta mwenzake majini," akajibu.