Dira ya Mbuzi

Rage, karani mmoja wa mjini Garissa, alishikilia kwamba mbuzi ana dira kichwani. Kila adhuhuri alikula wali wake kwenye benchi lililokuwa upande wa kaskazini wa ua wa ofisi, na kila adhuhuri mbuzi wote wa mtaa walikuja kusimama uani, macho kaskazini, bila kuambiana. Alikuwa amehakikisha kwa dira ya simu yake. Wanasayansi wa Ulaya, alisema, wanakula pesa za bure.

Deka, aliyewapikia wafanyakazi, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Walaal, ndugu yangu, na maganda ya ndizi huwa unayatupa wapi?"

Garissa wali hauliwi bila ndizi.

"Nawatupia mbuzi. Hayo yanahusiana vipi na sayansi?"

"Hayahusiani. Ila kesho hamishia benchi upande wa kusini."

Kesho yake Rage alikaa kusini, sahani magotini. Mbuzi wakaja, wakajipanga safu, wakamkodolea macho, wote wakitazama kusini. Rage akamenya ndizi polepole. Ncha za dunia zimehama, alijiambia, na ofisi nzima hakuna aliyejulishwa.